PIKIPIKI HUPANDISHWA KWA MGUU, SI KWA MGONGO



Mizigo mizito ya kijijini tunaijua. Ni gunia la mahindi, gogo la kuni na ndoo ya maji. Siku hizi umeongezeka mzigo mwingine. Mzigo huu una magurudumu mawili. Kila siku unatubeba sisi, lakini ipo siku sisi nasi tunalazimika kuunyanyua. Mzigo huo ni pikipiki.

Hapa Tosamaganga na vijiji vya jirani, pikipiki ni msaada mkubwa. Inapeleka matenga ya nyanya sokoni Iringa mjini. Inamwahisha mama mjamzito hospitali. Inamfikisha mwalimu shuleni na bwana shamba mashambani. Vijana wengi wanalisha familia zao kwa kazi ya bodaboda.

Lakini pikipiki inataka matunzo. Cheni hukauka, hutakiwa kusafishwa na kutiwa oili. Tairi hupata pancha. Breki hulegea. Kazi hizi hufanywa pikipiki ikiwa imesimama wima juu ya stendi kubwa, tairi la nyuma likiwa juu. Na mara nyingi mwenye pikipiki yuko peke yake. Pancha haichagui mahali. Inaweza kukupata kwenye mlima, jioni, mahali pasipo na mtu wa kukusaidia.

Hapo ndipo wengine huumia. Wanaishika pikipiki kwa nyuma, wanainama, wanavuta kwa nguvu zote. Mgongo unalia "kwaa!" Au pikipiki inawaponyoka na kuwaangukia mguuni.

Watu husema ajali haina kinga. Ajali hii ina kinga. Kinga yake haihitaji fedha. Inahitaji kujua njia tu. Leo tujifunze njia hiyo.

UZITO WA PIKIPIKI

Pikipiki nyingi za bodaboda zina uzito wa kilo 110 hadi 125. Huo ni karibu uzito wa gunia la mahindi la debe sita. Petroli nayo ina uzito. Lita 10 za petroli ni kama kilo 7 na nusu. Ukiacha tenga la nyanya juu ya keria, uzito unazidi tena.

Je, wewe peke yako unaweza kuokota gunia la debe sita kutoka chini na kulinyanyua? Wachache sana wanaweza. Gunia la namna hiyo hubebwa na watu wawili au zaidi. Basi kwa nini tunajaribu kuinyanyua pikipiki kwa mikono miwili?

Kumbuka pia kwamba gunia likianguka hutulia chini. Pikipiki haitulii. Ina magurudumu yanayokimbia. Ina usukani unaogeuka. Ina bomba la moshi linalounguza. Ndiyo maana pikipiki inataka akili zaidi kuliko gunia.

MWILI UNAUMIAJE?

Tuanze na mgongo. Uti wa mgongo umejengwa kwa mifupa midogo iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Mifupa hiyo huitwa pingili. Kati ya pingili na pingili kuna kipande laini kama mto mdogo. Kazi yake ni kupunguza mshindo tunapotembea, tunaporuka na tunapobeba mzigo.

Mtu anapoinama kwa kiuno na kuvuta kitu kizito, uzito wote huangukia pingili za chini. Akijipinda huku anavuta, hali huwa mbaya zaidi. Ule mto mdogo unaweza kutoka mahali pake na kubana mshipa wa fahamu. Maumivu hushuka kutoka kiunoni, hupita tako, na kufika hadi mguuni. Mtu anashindwa kuinama, anashindwa kulima, anashindwa kuendesha.

Pili ni ngiri. Mtu anapobana pumzi na kuvuta kwa nguvu, tumbo husukumwa kutoka ndani. Kama kuna mahali dhaifu kwenye kinena, utumbo unaweza kupenya hapo na kutokeza uvimbe.

Tatu ni miguu na vidole. Pikipiki ikiangukia mguu uliovaa kandambili, mfupa unaweza kuvunjika.

Nne ni kuungua. Bomba la moshi hubaki na moto kwa muda mrefu baada ya injini kuzimwa. Likigusa ndama ya mguu, ngozi hubabuka.

Ndugu, fikiri juu ya hasara yake. Dereva mwenye mgongo mbovu halali, hapandi pikipiki, halimi. Kama pikipiki ni ya mkataba, tajiri bado anadai hesabu yake. Watoto bado wanataka kula. Chuma kikivunjika kinanunuliwa kingine. Mgongo haununuliwi.

STENDI KUBWA NI KAMA MTARIMBO

Sasa sikiliza siri ya kazi hii. Umewahi kuona mtu mmoja akisogeza jiwe kubwa kwa mtarimbo? Jiwe hilo watu wanne hawawezi kulibeba. Lakini yeye anaingiza mtarimbo chini ya jiwe, anaukandamiza kwa uzito wa mwili wake, na jiwe linatikisika. Hakulibeba. Amelisukuma kwa akili.

Stendi kubwa ya pikipiki imetengenezwa kwa akili hiyo hiyo. Itazame vizuri. Ina miguu miwili inayokanyaga ardhi. Ina pia kipande cha chuma kinachotokeza kando, upande wa kushoto. Hicho ndicho cha kukanyagia. Ukikikanyaga kwa uzito wa mwili wako, ile miguu miwili hujikaza ardhini na pikipiki hupanda na kurudi nyuma kidogo.

Wala hunyanyui pikipiki nzima. Tairi la mbele hubaki chini. Tairi la nyuma huinuka kidogo tu, ili liweze kuzunguka. Kwa hiyo kazi kubwa ni ya mguu wako na uzito wa mwili wako. Mikono ni ya kuongoza tu. Mgongo hauna kazi hapa. Hata mtu mwembamba anaweza, mwanamke kwa mwanamume, akijua njia.

KABLA YA KUPANDISHA

Kwanza, zima injini na utoe ufunguo. Ngoja bomba la moshi lipoe. Usivute sigara karibu na petroli.

Pili, shusha mizigo yote. Shusha tenga, shusha dumu, shusha gunia. Hata mtoto aliyekaa kwenye siti ashuke. Watoto wakae mbali.

Tatu, chagua mahali. Patafutwe mahali tambarare na pagumu. Huku kwetu kuna milima mingi, na wakati wa mvua udongo huwa tope. Stendi ikizama upande mmoja, pikipiki huanguka. Kama udongo ni laini, weka ubao mpana na imara chini ya miguu ya stendi. Kama hakuna mahali tambarare kabisa, mbele ya pikipiki ielekee juu ya mlima. Ikielekea chini inaweza kuteremka yenyewe kutoka kwenye stendi.

Nne, tazama stendi yenyewe. Je, miguu yake miwili ni mizima? Je, imepinda? Je, springi ipo? Je, misumari yake imelegea? Stendi iliyoota kutu hushuka kwa shida, na mtu hutumia nguvu isiyo na sababu. Itie grisi au oili kidogo. Stendi iliyopasuka isitumike. Ipelekwe kwa fundi akaichomelee.

Tano, jitazame mwenyewe. Vaa viatu vilivyofunika vidole. Kandambili na yeboyebo hazifai. Kanga, kitenge au koti refu lisining'inie. Asubuhi za baridi za mwezi wa Juni na Julai, mwili huwa umekakamaa. Tembea kidogo na nyoosha viungo kwanza. Na kama umekunywa ulanzi, acha kazi hii mpaka kesho. Ulanzi humfanya mtu ajione ana nguvu asizokuwa nazo.

Mama mjamzito, mtu mwenye ngiri, mtu aliyepasuliwa karibuni na mtu anayeumwa mgongo wasifanye kazi hii. Waombe msaada.

KUPANDISHA HATUA KWA HATUA

1. Simama upande wa kushoto wa pikipiki, uso ukiitazama. Katika pikipiki nyingi za bodaboda bomba la moshi liko kulia. Kwa hiyo upande wa kushoto ni salama zaidi.

2. Toa gia. Pikipiki iwe huru, ukiisukuma magurudumu yazunguke. Kama iko kwenye gia, haitarudi nyuma na haitapanda.

3. Stendi ndogo ya pembeni iache imeshuka. Pikipiki ikilegea kuelekea kwako, itapata mahali pa kuegemea.

4. Shika usukani kwa mkono wa kushoto. Nyoosha tairi la mbele, lisielekee pembeni. Usibane breki.

5. Shika keria, au chuma cha kushikia chini ya siti, kwa mkono wa kulia. Usishike taa wala plastiki. Vitu hivyo huvunjika. Kama mahali pa kushika pako chini, kunja magoti. Usiinamishe mgongo.

6. Simamisha pikipiki wima. Isiegemee kwako wala isiegemee upande wa pili.

7. Weka mguu wa kulia juu ya kile chuma cha kukanyagia. Kishushe mpaka miguu ya stendi iguse ardhi.

8. Sasa hatua kubwa kuliko zote. Tikisa pikipiki polepole, kushoto na kulia, kidogo tu. Utahisi kama miguu yote miwili ya stendi imegusa ardhi. Usiendelee kabla ya kuhisi hivyo. Stendi ikikanyaga kwa mguu mmoja, pikipiki itapinduka.

9. Mguu wako wa kushoto uwe mbali na stendi na mbali na tairi. Nyoosha mgongo. Tazama mbele.

10. Simama kwa uzito wako wote juu ya mguu wa kulia, kama mtu anayepanda ngazi. Wakati huo huo toa pumzi, na mkono wa kulia uiongoze pikipiki juu na nyuma. Usivute kwa ghafla. Kandamiza kwa mguu. Pikipiki itapanda na kutulia.

11. Usiiachie mara moja. Itikise kidogo uone kama imetulia. Ndipo uondoe mikono.

Ukijaribu mara mbili na imekataa, usijaribu mara ya tatu kwa hasira. Simama, tafuta sababu. Pengine hukutoa gia. Pengine stendi imezama. Pengine tairi la nyuma liko kwenye shimo.

Upo pia msaada wa ubao. Tafuta ubao wenye unene wa sentimita 2 hivi, mrefu kama hatua moja ya mtu. Ulaze chini, kisha sogeza pikipiki mpaka tairi la nyuma lipande juu ya ubao. Ubao ubaki mrefu upande wa nyuma, maana pikipiki itarudi nyuma. Miguu ya stendi yenyewe isikanyage ubao huo. Sasa tairi liko juu tayari, na kazi ya mguu wako imepungua. Ikishapanda, ondoa ubao. Mtu mwepesi au mtu mzima asikose ubao huu.

IKIANZA KUANGUKA, IACHE

Hili ni jambo gumu, lakini lazima tuliseme. Pikipiki ikianza kuanguka upande wa pili, iache ianguke. Fungua mikono, rudi nyuma hatua mbili.

Mwenye mali huwa na uchungu. Anaona kioo kitavunjika, taa itapasuka. Anaing'ang'ania. Pikipiki inamvuta, mgongo unapinda, bega linateguka, naye anaanguka juu ya chuma cha moto. Taa ilikuwa ipone, lakini sasa mtu ameumia na taa imevunjika vile vile.

Kama inaangukia upande wako, usitie mguu chini yake kuizuia. Kilo 110 zinazoanguka hazizuiwi na mguu. Ruka nyuma.

IKIWA JUU YA STENDI, LINDA VIDOLE

Wengi wanadhani hatari imekwisha pikipiki ikishapanda. Haijaisha. Sasa tairi la nyuma linazunguka bila kugusa chini. Cheni nayo inazunguka.

Baadhi ya watu huwasha injini, huingiza gia, kisha hushika kitambaa na kupangusa cheni inayokimbia. Wanasema ni kazi ya dakika moja. Kweli ni kazi ya dakika moja, lakini kidole hukatika kabla ya dakika hiyo kuisha. Cheni hukamata kitambaa, kitambaa huvuta mkono, na mkono huingia kwenye meno ya chuma. Injini haijui kama hicho ni kitambaa au ni kidole.

Fanya hivi. Zima injini. Toa ufunguo uuweke mfukoni mwako, usiuache mahali pake, maana mtoto anaweza kuuwasha. Zungusha tairi kwa mkono, polepole, kwa kushika tairi lenyewe. Pangusa sehemu ya chini ya cheni, mbali na meno. Simamisha tairi, pangusa, ondoa mkono, zungusha tena.

Usiingize kichwa wala mkono chini ya pikipiki. Usimpandishe mtu kwenye siti ikiwa juu ya stendi. Ukifungua nati ngumu kwa spana, usivute kwa kishindo, pikipiki isije ikaruka kutoka kwenye stendi.

Kama unataka kuinua tairi la mbele, usitumie jiwe la mviringo chini ya injini. Mawe hapa kwetu hayakosekani. Hata jina la Tosamaganga limebeba neno la mawe katika Kihehe. Lakini jiwe huteleza. Tumia kipande cha gogo kilichokatwa sawasawa juu na chini, na awepo mtu wa pili wa kushika usukani.

KUISHUSHA

Kushusha nako kuna utaratibu wake. Simama tena upande wa kushoto. Shusha stendi ndogo ya pembeni. Injini ikiwa imezimwa, ingiza gia ya kwanza. Kwa njia hii tairi la nyuma likigusa chini halitakimbia.

Shika usukani kwa mikono yote miwili, mkono wa kulia ukiwa tayari kubana breki ya mbele. Sukuma mbele kwa mwili, taratibu. Pikipiki itashuka. Bana breki. Iegemeze kwako kidogo mpaka ilale juu ya stendi ndogo. Hakikisha stendi kubwa imerudi juu kabla ya kuondoka. Stendi inayoburuta chini humwangusha mtu kwenye kona.

PIKIPIKI ILIYOLALA CHINI

Mara nyingine pikipiki imeanguka na iko chini kabisa. Hapo ndipo migongo mingi huumia, kwa sababu mtu huinama na kuvuta usukani.

Kwanza zima injini na funga petroli. Tazama kama petroli inamwagika. Kama imeangukia kulia, kunjua stendi ndogo kwanza, kwa kuwa sasa iko juu. Kama imeangukia kushoto, ingiza gia ili isikimbie, kama unaweza kuifikia.

Sasa geuka, uipe pikipiki mgongo. Chuchumaa. Egemeza makalio kwenye ukingo wa siti. Mkono mmoja ushike mwisho wa usukani ulio upande wako. Mkono mwingine ushike keria au chuma imara. Jihadhari na bomba la moshi. Mgongo uwe umenyooka. Sukuma kwa miguu, ukirudi nyuma kwa hatua ndogo ndogo. Miguu ndiyo yenye misuli mikubwa kuliko yote mwilini. Iache ifanye kazi.

Ikifika juu, punguza nguvu, usije ukaiangusha upande wa pili.

UKIUMIA, FANYA HIVI

Mgongo. Ukisikia mgongo umeshtuka, acha kazi. Pumzika kidogo, lakini usilale kitandani siku nyingi. Kutembea taratibu husaidia mgongo kupona. Kitambaa cha moto hupunguza maumivu. Usikanyagwe mgongoni, wala usichanjwe chale.

Ziko dalili za hatari. Mguu kukosa nguvu, ganzi katikati ya mapaja, kushindwa kukojoa, au mkojo na choo kutoka bila kujua. Ukiona hata moja, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukichelewa, miguu inaweza kupooza.

Ngiri. Ukiona uvimbe kwenye kinena unaotokea ukibeba na kupotea ukilala, nenda zahanati uelekezwe. Ngiri ya mtu mzima haiponi kwa dawa za kunywa wala kwa mkanda. Huponywa kwa upasuaji. Uvimbe ukiwa mgumu, ukauma sana na mtu akatapika, hiyo ni dharura. Apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi.

Kuungua. Mimina maji safi ya kawaida juu ya jeraha kwa dakika 20. Usikate tamaa kabla ya dakika hizo. Usipake dawa ya meno, yai, unga, mafuta, oili wala udongo. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, uende zahanati.

Jeraha na kidole. Damu ikitoka, bana kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia kila mara kutazama. Inua mkono juu. Kama kidole kimekatika, kitafute. Kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa nailoni, ufunge mfuko, kisha uweke mfuko huo juu ya barafu au ndani ya maji baridi. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Nenda nacho hospitali. Uliza pia juu ya chanjo ya pepopunda, maana kidonda chenye udongo na kutu ni hatari.

Mtu aliyeangukiwa na pikipiki akashindwa kusogeza miguu, msimkunje na kumpakia mshikaki kati ya watu wawili. Mlazeni juu ya ubao au machela, kichwa na shingo vikiwa vimetulia, mtafute gari.

KAZI YA KIJIWE NA KIJIJI

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikutana kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana. Kisha hawakuishia kwenye maneno. Walichimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba zao. Elimu ile iligeuka kuwa kazi.

Kijiwe cha bodaboda nacho ni kikundi. Vijana hukaa pale kila siku wakingoja abiria. Wanaweza kusawazisha mahali padogo, wakapashindilia, pakawa pa kutengenezea pikipiki. Wanaweza kuweka ubao mmoja wa kila mtu kutumia. Wanaweza kuweka dumu la maji safi na kitambaa safi kwa ajili ya ajali. Mwenye kujua amfundishe asiyejua, pikipiki ikiwa tupu, bila mzigo na bila haraka.

Na palipo na watu, omba msaada. Kuomba msaada si unyonge. Mtu mmoja akishika usukani na mwingine akikanyaga stendi, kazi huisha upesi na hakuna anayeumia. Njia ya kufanya peke yako ni kwa siku ile usiyo na mtu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini stendi kubwa inafanana na mtarimbo?
2. Kwa nini ni lazima kutikisa pikipiki kabla ya kukandamiza kwa mguu?
3. Pikipiki ikianza kuanguka, ufanye nini? Kwa nini?
4. Taja dalili tatu za mgongo zinazotaka hospitali siku hiyo hiyo.
5. Katika kijiwe chenu kuna mahali tambarare pa kutengenezea pikipiki? Kama hakuna, nani atapasawazisha, na lini?

Tendo la wiki hii: itazame stendi ya pikipiki yako. Isafishe, itie grisi, kisha pandisha pikipiki mara tatu kwa hatua tulizosoma. Ukihisi mgongo unavuta, simama na uanze tena kwa mguu.